Sura ya Sita: Mlezi wa Vita vya Wengine

Brigedia Jenerali Hashim Iddi Mbita alifariki dunia tarehe 26 Aprili 2015 katika Hospitali ya Jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 81. Siku hiyo nchi ilikuwa ikiadhimisha miaka 51 ya Muungano. Kusini mwa bara letu, wazee waliowahi kubeba bunduki msituni walimlilia kama mtu wa ukoo wao. Hapa nyumbani vijana wengi walisikia jina lake kwenye taarifa ya habari wakaulizana: huyu alikuwa nani?

Vijana hawana kosa. Mbita hakuwahi kuwa rais wala waziri mkuu, na hakuongoza kikosi katika vita ambayo mtoto wa shule anaikariri. Alikuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka kamati hiyo ilipofungwa mwaka 1994. Cheo chenyewe kinasikika kama cha mtu wa mafaili. Lakini ukitaka kujua vijana waliokimbia Msumbiji, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini walikula nini, walilala wapi, walisafiri kwa hati gani, na nani aliwaketisha meza moja walipogombana wao kwa wao, utafika kwenye ofisi yake.

Namwita mlezi kwa makusudi. Majeshi yana watu wa aina nyingi, na historia hupenda wale wa mstari wa mbele. Mbita alikuwa askari ambaye sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa kuhakikisha kwamba binadamu wenzake, tena wa mataifa mengine, wanapata posho, dawa, buti, usafiri na mtu wa kuwasikiliza. Naamini kazi hiyo ina heshima sawa na ile ya kushika bunduki, na ni ngumu zaidi kuifanya kwa miaka ishirini bila moyo kuwa sugu.

Alizaliwa Tabora tarehe 2 Novemba 1933. Anayeifahamu Tabora anajua kwamba mtoto wa mji ule hakulelewa katika upweke. Kabla ya wakoloni ulikuwa njia panda ya misafara, barabara moja ikielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi, wakazijua nchi za watu kwa nyayo zao. Reli ya Kati ikafika mwaka 1912. Miaka minne baadaye, Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kuwafukuza Wajerumani, na vijiji vya uwanda wote wa kati vikabaki vikihesabu wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita isiyokuwa yao na hawakurudi. Mtoto Hashim hakuyaona hayo, lakini alikulia kati ya watu walioyaona. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945 alikuwa hajatimiza miaka 12. Askari wa King's African Rifles (KAR) waliorudi kutoka Burma, na medali zao, na simulizi zao, aliweza kuwaona kwa macho yake.

Alisoma Tabora, kisha akasomea mambo ya ushirika nchini Kenya na kuanza kazi akiwa mtumishi wa vyama vya ushirika. Wengi wanaoandika habari zake huipita hatua hiyo haraka. Mimi nadhani ni muhimu. Mkaguzi wa ushirika hushinda na daftari la wakulima wasiojua kusoma, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichopimwa kwenye mizani ndicho kilichoandikwa, na kilichoandikwa ndicho kilicholipwa. Anajifunza mapema kwamba tarakimu moja iliyokosewa ni ada ya mtoto wa mtu. Baadaye, alipokuja kugawa fedha na vifaa vya nchi nyingi kwa vyama vilivyotiliana shaka, nidhamu ya namna hiyo ilihitajika kuliko hotuba.

Kutoka ushirika alihamia idara ya habari. Katikati ya miaka ya 1960 akawa mwandishi wa habari wa Rais Julius Nyerere. Hiyo ilikuwa miaka mizito. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na tarehe 15 Desemba Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu hiyo, ikijua kwamba misaada itakatika. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Kijana aliyekaa karibu na meza ya Rais katika kipindi hicho aliona jinsi nchi maskini inavyofanya uamuzi wenye gharama, kisha inavyoilipa gharama hiyo bila kupiga kelele. Mbita aliendelea katika TANU, chama tawala, akiwa mwenezi na baadaye Katibu Mtendaji wa chama, na katikati ya safari hiyo alikwenda Uingereza kusomea uafisa katika chuo cha Mons.

Kwa msomaji wa leo huenda ikashangaza kwamba mtu wa chama na magazeti aligeuka kuwa ofisa wa jeshi. Inabidi kukumbuka Januari 1964, wanajeshi wa Tanganyika Rifles walipoasi Colito, Dar es Salaam, na moto ukaruka hadi kambi ya Tabora. Jeshi lile la urithi wa kikoloni lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Jeshi jipya lilitakiwa kuwa la watu wenye siasa vichwani, wanaojua wanamlinda nani na kwa nini. Mpaka kati ya chama na jeshi ukawa mwembamba, na watu kama Mbita walivuka upande huu na ule. Mpangilio huo ulikuwa na hatari zake kwa demokrasia, na sidhani tuna haja ya kuurudia. Lakini kwa kazi iliyomsubiri alikuwa amepata elimu tatu ambazo ni nadra kuzikuta kwa mtu mmoja: hesabu za wakulima, kalamu ya mwandishi, na amri za kijeshi.

Sasa twende Kongwa, ilipokuwa kambi ya wapigania uhuru, maana hapo ndipo habari hii inaposhika udongo wa Dodoma.

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, unaiacha lami kuu pale Mbande na kuelekea kusini. Nchi ni ya mibuyu, migunga na vichaka vya miiba, na vilima vya Ukaguru vinaonekana mashariki. Mvua huanza Desemba na kukoma Aprili, na hata katika miezi hiyo inaweza kukuahidi Jumatatu isionekane tena mpaka wiki tatu zipite. Wagogo na Wakaguru wameishi hapo kwa ng'ombe, uwele na mtama, na wamejifunza kutoiamini mvua kupita kiasi.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapo na mpango wa kulima karanga, wapate mafuta ya kula kwa nchi yao iliyochoshwa na vita. Walipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo kule Tabora, na Nachingwea kusini. Walileta matrekta mengi, mengine mabaki ya jeshi, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Walijenga reli ya tawi kutoka Msagali. Lakini udongo wa Kongwa jua likiuchoma unakuwa kama saruji, karanga haitoki, na mvua ilifanya ilivyozoea. Hadi mpango ulipoachwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 za Uingereza zilikuwa zimepotea. Yalibaki majengo, barabara, mashamba ya mifugo na chuma kilichokuwa kikiota kutu.

Mei 1963 viongozi wa Afrika huru walikutana Addis Ababa, wakaunda Umoja wao, na ndani yake Kamati ya Ukombozi yenye makao Dar es Salaam. Nchi yetu ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Wapigania uhuru walipoanza kumiminika, ilibidi wapatiwe mahali mbali na mipaka, mbali na macho ya majasusi wa Wareno na makaburu, lakini pawe na njia na majengo ya kuanzia. Mwaka 1964 serikali ikawapa Kongwa. Nachingwea nayo ikaja kuwa kambi kubwa ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Hivyo maeneo mawili kati ya matatu ya karanga yakawa makao ya wapiganaji, na nyumba walizojengewa wataalamu wa kikoloni zikapata wapangaji ambao hakuna mtu London aliyewawazia.

FRELIMO walitangulia. Samora Machel, akitoka mafunzoni Algeria, aliwekwa kuisimamia kambi yao Kongwa, na tarehe 25 Septemba mwaka huohuo vita vya Msumbiji vikaanza kwa shambulio la Chai, Cabo Delgado. SWAPO ya Namibia ilikuwa na sehemu yake, ANC ya Afrika Kusini yake, ZAPU ya Zimbabwe yake, na MPLA ya Angola ikapitia hapo. Chris Hani, ambaye jina lake lingekuja kutikisa Afrika Kusini nzima, alikula vumbi la Kongwa akiwa kijana wa miaka ya ishirini.

Adui mkubwa wa kambi ile alikuwa kusubiri. Vijana kutoka Port Elizabeth, Johannesburg na Ovamboland walitoka kwao wakidhani watafunzwa miezi michache na kurudi na silaha. Kumbe kati ya Kongwa na nyumbani kulikuwa na Rhodesia ya Ian Smith na makoloni ya Wareno. Wa Namibia walijipenyeza kidogo kidogo, na tarehe 26 Agosti 1966 waliotokea hapo walipambana na polisi wa makaburu kule Omugulugwombashe. Wa Afrika Kusini walisubiri hadi Agosti 1967, walipovuka Zambezi pamoja na ZAPU katika vita vya Wankie, na wengi hawakurudi. Waliobaki waliendelea kuhesabu misimu. Watu wanaosubiri hunung'unika, hugombana, huvunjika moyo. Baadhi walitoroka kwenda Kenya. Wengine waliugua wakafa, na makaburi ya wapigania uhuru yapo Kongwa mpaka leo.

Wengine wakapenda. Kiswahili kiliingia midomoni mwao, na Kigogo kidogo, cha kutosha kumwamkia mzee njiani kwa mbukwenyi na kupokelewa. Walinunua maziwa na kuku vijijini, walikaa kwenye vilabu vya pombe, walicheza mpira na vijana wa Kongwa. Wakapata wapenzi, wengine wakaoa, na watoto wakazaliwa. Kisha amri ilikuja usiku, lori likawachukua, na mama akabaki na mtoto mwenye jina la kigeni. Wapo waliorudi miaka mingi baadaye kutafuta damu yao. Wengi hawakurudi, kwa kuwa walikuwa wamekufa, au walikuwa na familia nyingine, au hawakujua waanzie wapi. Bibi na babu wa Kigogo waliwalea wajukuu hao kwa ugali wa uwele na mlenda kama walivyowalea wengine wote. Ninapofikiria mchango wa Dodoma katika ukombozi wa Afrika, ninaanza na nyumba hizo. Hakuna bajeti ya Kamati ya Ukombozi iliyowahi kuwa na fungu la malezi yao.

Mbita hakuianzisha Kongwa. Alipoipokea ofisi baada ya George Magombe, kambi ilikuwa na historia, makovu na sheria zake zisizoandikwa. Aliyoyapokea ni madeni, orodha ndefu za mahitaji, na mashaka. Nchi wanachama ziliahidi michango mikutanoni na kuchelewa kulipa, nyingine mwaka hadi mwaka. Silaha zilitoka Umoja wa Kisovieti, China na kwingineko, zikapita bandari ya Dar es Salaam chini ya ulinzi wa JWTZ. Kila sanduku lilitakiwa kufika kwa aliyekusudiwa, na kila chama kiliamini kwamba chama jirani kimependelewa. Juu ya silaha kulikuwa na watu: majeruhi wa kupelekwa hospitali, vijana wa kupelekwa masomoni, wajane, yatima, na wafu wa kuzikwa kwa heshima.

Wafu walikuwa wengi. Eduardo Mondlane alikuwa ameuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Amílcar Cabral aliuawa Conakry Januari 1973. Herbert Chitepo wa ZANU ya Zimbabwe aliuawa Lusaka tarehe 18 Machi 1975, na kifo chake kikawafanya ndugu wa chama kimoja wanyoosheane vidole. Katibu wa kamati ya aina hii anazoea rambirambi, na hatari kubwa kwake ni kwamba siku moja atazizoea kabisa.

Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno waliipindua serikali yao wenyewe, na milango ikafunguka kwa haraka ambayo hakuna aliyeitarajia. Septemba mwaka huo FRELIMO na Ureno walitiliana saini Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Ilikuwa furaha ambayo Tanzania ilikuwa imeilipia kwa damu. Nenda Naliendele, Mtwara, uyaone makaburi ya askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji. Hao nao wana watoto, na watoto hao ni watu wazima sasa.

Zimbabwe ilikuwa fundo gumu zaidi. ZANU na ZAPU walikuwa na viongozi wawili, majeshi mawili, wafadhili wawili na kabila likinong'onwa kila kona. Mwaka 1975 maofisa vijana wa ZANU waliokuwa kambini Mgagao, Iringa, waliandika waraka mkali wakimkataa kiongozi wao Ndabaningi Sithole. Waliupeleka kwa Kamati ya Ukombozi na kwa serikali za Tanzania na Msumbiji, wakijua kwamba huko utasomwa. Hapo unaiona nafasi ya Mbita. Vijana wenye silaha, wenye hasira, waliopoteza imani na mkubwa wao, walikuwa bado na mahali pa kupeleka barua kabla ya kuelekezeana mitutu. Jeshi la pamoja lililoundwa baadaye, ZIPA, halikudumu, na askari wa pande mbili walifikia kuuana kambini. Lakini waliendelea kuitwa mezani, wakaitwa tena, hadi wakafika mazungumzo ya Lancaster House, London, mwaka 1979 wakiwa chini ya mwavuli mmoja, na tarehe 18 Aprili 1980 bendera mpya ikapandishwa Harare, mji ambao wakati huo bado uliitwa Salisbury.

Angola ilishindikana. Vyama vyake vitatu, MPLA, FNLA na UNITA, vilisaini na Ureno makubaliano ya Alvor Januari 1975, na kabla mwaka haujaisha vilikuwa vitani, majeshi ya nje yakiwa yameingia. Januari 1976 wakuu wa Afrika walikutana Addis Ababa kuamua nani atambuliwe, wakagawanyika kura 22 kwa 22. Wapo wanaosema Kamati ya Ukombozi ilipaswa kufanya zaidi. Sioni jinsi ofisi ile, ambayo mishahara yake yenyewe ilitegemea michango ya kuchelewa, ingeweza kuzizuia Washington, Moscow, Havana na Pretoria kwa pamoja. Ila ni haki kusema kwamba watu wa Angola walilipa kwa miaka 27 ya vita.

Na kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita, kwa kuwa ninaandika juu ya mtu ninayemheshimu kwa utu wake. Mwaka 1976 wanachama wa SWAPO waliokuwa Zambia walidai mkutano mkuu wa chama na maelezo kuhusu matumizi ya fedha na silaha. Wakakamatwa. Viongozi wao, Andreas Shipanga akiwa mmojawapo, walihamishiwa magereza ya Tanzania, mbali na mahakama za Zambia ambako kesi yao ilikuwa imeanza kusikilizwa, wakakaa bila kufunguliwa mashtaka mpaka mwaka 1978. Waliopigania uhuru walifungwa na marafiki wa uhuru. Uamuzi ule ulikuwa wa serikali na chama, si wa katibu wa kamati, lakini ulifanyika katika zama zake na kwa jina la mapambano aliyoyahudumia. Ulikuwa ni dhuluma. Heshima ya kazi yote ile inatutaka tuseme hivyo wazi, kwa sababu mtu aliyefungwa bila kesi katika nchi rafiki alikuwa na mama yake pia.

Namrudia Mbita mwenyewe. Alikuwa mume na baba, na nyumba yake ilikuwa Dar es Salaam katika miaka ambayo mji ule ulijaa wageni wa aina yake. Sitaki kubuni mazungumzo ya sebuleni ambayo sikuyasikia. Lakini yeyote aliyelelewa na baba mwenye kazi ya usiku na mchana anajua familia inavyogawana mzigo huo: mgeni anayefika bila taarifa, safari isiyotajwa inakoelekea, sikukuu ambayo kiti kimoja kiko wazi. Kazi ya ukombozi haikufanywa na mtu mmoja. Ilifanywa na kaya nzima, na waliokuwa ndani ya kaya hizo hawakuvishwa nishani. Kwa upande huu, nyumba ya brigedia Dar es Salaam na nyumba ya bibi wa Kongwa zilikuwa kwenye orodha moja.

Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990. Aprili 1994 watu wa Afrika Kusini walipanga foleni za kupiga kura ndefu kuliko macho yanavyoweza kufuata, na tarehe 10 Mei Nelson Mandela akaapishwa. Mwaka huohuo Kamati ya Ukombozi ikafungwa, kazi yake ikiwa imekwisha. Taasisi ngapi za Afrika zimefunga milango kwa sababu zilimaliza zilichotumwa? Hii ni mojawapo, na aliyezima taa ni mtoto wa Tabora.

Mbita baadaye aliiwakilisha Tanzania nchini Zimbabwe akiwa balozi. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, ilimtunuku nishani yake ya Seretse Khama. Angeweza kupumzika tu, na pengine angeandika kitabu cha kumbukumbu zake kikamweka yeye katikati, kama wakubwa wengi wafanyavyo. Badala yake, jina lake likapewa mradi wa SADC wa kukusanya ushahidi wa ukombozi kutoka kwa watu wenyewe, naye akawa mlezi wake. Watafiti walikwenda katika nchi zilizopigana na katika nchi zilizowahifadhi wapiganaji. Waliwahoji makamanda, na pia wanakijiji, wapishi, madereva, wauguzi na akina mama waliowaficha watu majumbani mwao. Walikusanya nyaraka na sauti. Mwaka 2014 kazi hiyo ilitoka katika juzuu 9 kubwa, zikiwa zimehaririwa na Arnold Temu na Joel das Neves Tembe na kuchapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Mbita aliziona kabla ya kufa. Alibakiwa na miezi michache tu.

Kwangu mimi hilo ndilo tendo linaloonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Askari aliyekaa miaka yote ile karibu na siri za marais aliona kwamba historia haitakamilika mpaka yule mama wa kijijini naye aulizwe aliona nini. Mkaguzi wa ushirika alikuwa bado yumo ndani ya brigedia: kila aliyeleta gunia lake, jina lake liandikwe.

Hesabu hiyo bado haijafungwa. Juzuu 9 ni nyingi, lakini ziliandikwa kwa Kiingereza zaidi kuliko kwa lugha ambayo walinzi, madereva na akina mama wa Kongwa walizungumza na wageni wao. Bei na ukubwa wake vinaziweka maktabani. Mwalimu wa sekondari Mpwapwa au Manyoni hawezi kuingia nazo darasani. Panahitajika kitabu chembamba cha Kiswahili, chenye ramani, picha na majina, kitakachomweleza mwanafunzi kwamba Afrika Kusini huru ilipitia wilayani kwao. Panahitajika pia uamuzi wa kuyatunza majengo ya Kongwa kabla mchwa na mvua chache za Dodoma hazijamaliza kilichobaki, na kuyajengea makaburi yale uzio na vibao vya majina kwa kadiri majina yanavyojulikana.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 Kongwa mwaka 1965 sasa ana miaka 80 au zaidi. Ewe msomaji, kama una bibi, babu, shangazi au jirani aliyekuwa pale, au Nachingwea, Mgagao, Mazimbu kule Morogoro, au kwenye stesheni yoyote ya Reli ya Kati usiku malori yalipokuwa yakipakia, nenda ukae naye wiki hii. Muulize wageni waliitwa nani, walikula nini, nani alizaliwa, nani alizikwa wapi. Rekodi kwa simu yako, andika tarehe na jina la kijiji, mwombe ruhusa, kisha upeleke nakala Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina kituo hapohapo Dodoma. Usisubiri mtafiti kutoka mbali.